UZI: Unga na vidonge vya asidi amino vinafanya nini kwenye homoni za mtu mzima mwenye afya?

Mpima Damu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Nimefanya kazi ya maabara hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na mmoja, na asubuhi zangu nyingi hupita nikiwa nimeshika mkono wa mtu nikitafuta mshipa. Siku hizi wameongezeka vijana wanaokuja wenyewe, bila barua ya daktari, kupima testosteroni na homoni ya ukuaji, kwa sababu wanatumia makopo ya asidi amino (vipande vidogo vinavyojenga protini) waliyonunua Kariakoo au waliyoletewa na mtu wa jimu, na wanataka kuona kama fedha yao imefanya kazi. Mwezi uliopita aliyekuja na karatasi mbili mkononi alikuwa mdogo wangu, wa tumbo moja.

Karatasi ya kwanza ilionyesha testosteroni ya nanomoli 12.4 kwa lita. Ya pili, baada ya wiki tatu za kunywa unga wenye asidi amino tatu, yaani asidi ya D-aspatiki, arginini na ornitini, ilionyesha 16.1. Akaniambia, "Dada, tazama mwenyewe, kopo limenipandisha." Nilitazama, lakini macho yangu yalikwenda kwenye kona ya juu ya karatasi, pale tunapoandika saa ambayo damu ilitolewa. Damu ya kwanza ilitolewa saa kumi alasiri, siku ambayo alikuwa ametoka zamu ya usiku bandarini na hakulala vizuri. Ya pili ilitolewa saa moja na nusu asubuhi, baada ya mapumziko ya siku mbili.

Nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya, naye ameridhia. Naandika kwa sababu ya ile kona ya karatasi, kwa kuwa naona watu wengi wanasoma namba bila kusoma ilipatikana vipi, kisha wanaendelea kununua kopo la pili na la tatu.

Nianze na homoni ya ukuaji, maana ndiyo inayotajwa zaidi na wauzaji. Ni kweli kabisa kwamba arginini huipandisha. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa homoni wamekuwa wakiitumia kama jaribio la hospitali: mtu anayeshukiwa kuwa na upungufu wa homoni hiyo hutundikiwa dripu ya arginini, gramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito wake bila kuzidi gramu 30, ambayo huingia mwilini kwa muda wa nusu saa, kisha damu yake huchukuliwa mara kadhaa ili kuona kama tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, inaitikia. Inavyoaminika, arginini huizuia somatostatini, homoni ambayo kazi yake ni kuishika pituitari breki. Breki ikilegea, homoni ya ukuaji humwagika.

Sasa tazameni umbali uliopo kati ya dripu hiyo na kijiko cha unga. Kinachomezwa hupita kwanza kwenye utumbo na ini, na huko sehemu kubwa ya arginini hutumika kabla haijafika kwenye mzunguko mkuu wa damu. Waliojaribu kuitoa kwa mdomo, kwa watu wenye afya waliokuwa wametulia, waliona kwamba gramu 5 na gramu 9 zilipandisha homoni ya ukuaji kwa kiasi, lakini walipofikisha gramu 13 hawakupata nyongeza yoyote, wakapata watu wenye matumbo yaliyovurugika. Ornitini nayo ni hivyohivyo: wanyanyua vyuma waliopewa dozi tatu tofauti katika jaribio la mwaka 1990 walionyesha ongezeko kwenye dozi kubwa tu, miligramu 170 kwa kila kilo ya uzito, na dozi hiyo ndiyo iliyowaharisha. Kwa kijana wa kilo 70 hizo ni karibu gramu 12 kwa mkupuo. Kopo la mdogo wangu lilikuwa na gramu 1 ya ornitini kwa kijiko.

Jambo ambalo nadhani kila anayekwenda jimu angepaswa kulijua ni hili. Mwaka 2008 mtafiti Jill Kanaley alichapisha mapitio ya tafiti za arginini na mazoezi. Arginini ya mdomo, mtu akiwa amepumzika, huongeza homoni ya ukuaji kwa asilimia 100 au zaidi kidogo. Mazoezi peke yake huiongeza kwa asilimia 300 hadi 500. Ukivichanganya vyote viwili, ongezeko hushuka hadi kwenye asilimia 200 hivi. Maana yake ni kwamba anayemeza vidonge mlangoni mwa jimu ili mazoezi yafanye kazi zaidi, kwa upande wa homoni hii, anapata pungufu kuliko ambavyo angepata kwa jasho lake tupu.

Hata hilo ongezeko lenyewe, ni la muda gani? Homoni ya ukuaji haikai kwenye damu kama maji kwenye pipa. Hutoka kwa mawimbi, na wimbi kubwa huja katika saa za mwanzo za usingizi mzito. Baada ya kutoka, nusu yake hutoweka kwa dakika kama 20. Ndiyo sababu namsikitikia mtu anayelipia kipimo kimoja cha homoni ya ukuaji saa tano mchana: mtu mwenye afya njema kabisa anaweza kusomeka karibu na sifuri saa hiyo. Tukitaka kujua hali ilivyokuwa kwa siku nyingi, tunapima IGF-1, ambayo ini hutengeneza kwa amri ya homoni ya ukuaji na ambayo haiyumbi sana kutwa. Mwaka 1981 vijana 15 waliopewa gramu 1.2 za arginini na kiasi hichohicho cha lisini, asidi amino nyingine, walionyesha ongezeko la homoni ya ukuaji, na utafiti huo ndio unaonukuliwa kwenye makopo mpaka leo. Mwaka 1993 wazee wenye afya walipewa mchanganyiko wa aina hiyo kwa majuma mawili mfululizo. Homoni ya ukuaji haikupanda, wala IGF-1.

Nitaendelea na testosteroni kesho nikitoka kazini. Wenye maswali wayaweke hapa.

Kijana wa Sinza

Dada Mpima, shikamoo. Nimesoma yote na ninakushukuru, ila upande wa testosteroni nina jambo. Mwalimu wetu wa mazoezi alituonyesha kwenye simu yake utafiti halisi, siyo tangazo, unaosema asidi ya D-aspatiki inapandisha testosteroni kwa asilimia 42 ndani ya siku 12. Je, huo ni uongo?

Mpima Damu

Marahaba, mdogo wangu. Hapana, siyo uongo, na mwalimu wenu hakuwadanganya. Utafiti huo upo, ulitoka Italia mwaka 2009. Wanaume 23 walipewa gramu 3.12 za asidi ya D-aspatiki kila siku kwa siku 12. LH, ambayo ni homoni ya pituitari inayoziamrisha korodani zitengeneze testosteroni, ilipanda kwa asilimia 33, na testosteroni yenyewe kwa asilimia 42. Wala si jambo la kushangaza, kwa sababu asidi hii hupatikana yenyewe kwenye pituitari na kwenye korodani, kwa hiyo kulikuwa na sababu ya kuidhania.

Kilichofuata ndicho ambacho simu ya mwalimu haikuonyesha. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua wanaume waliozoea vyuma, wakawapa gramu 3 kwa siku kwa siku 28 huku wakiendelea na mazoezi mazito, na wakaweka kundi la kulinganisha lililopewa unga usio na kitu. Testosteroni haikubadilika, na nguvu na misuli viliongezeka sawasawa katika makundi yote mawili. Mwaka 2015 watafiti wa Australia wakaongeza dozi. Waliopewa gramu 3 hawakubadilika. Waliopewa gramu 6 kwa majuma mawili, testosteroni yao ilishuka. Mwaka 2017 walirudia gramu 6 kwa miezi mitatu, na testosteroni haikupanda.

Kwa nini ishuke? Mwili wa mtu mwenye afya una mzunguko wa kujirekebisha: testosteroni ikiongezeka, ubongo na pituitari huhisi na kupunguza amri. Mtu ambaye kiwango chake kiko sawa tayari analindwa na mzunguko huo usiku na mchana. Anayeusukuma kwa kijiko anasukumana na kitu ambacho kimewekwa hapo ili kisisukumwe.

Narudi kwenye ile kona ya karatasi. Testosteroni ya mwanamume huwa juu asubuhi na hushuka kadiri siku inavyosonga, na kwa wanaume wa miaka thelathini hadi arobaini kiwango cha saa kumi alasiri huwa chini ya kile cha saa mbili asubuhi kwa asilimia 20 hadi 25. Chukua 16.1 ya mdogo wangu, ondoa asilimia 23, utaipata 12.4 yake. Ongeza na usingizi: mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Chicago kiliwaacha vijana wenye afya walale kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ilipungua kwa asilimia 10 hadi 15. Mtu aliyekesha bandarini kisha akatolewa damu alasiri amejishusha kwa sababu mbili kabla hata hajalifungua kopo.

Bi Mkunazi

Mwanangu, mimi si wa vyuma. Nina miaka hamsini na tatu, usingizi umenikimbia, na duka moja la dawa wameniuzia vidonge vya triptofani wakisema vinaongeza homoni ya usingizi. Nitumie au nisitumie?

Mpima Damu

Shikamoo mama. Triptofani nayo ni asidi amino, na ndiyo malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini, na kutoka serotonini hutengenezwa melatonini, ambayo ndiyo wanaiita homoni ya usingizi. Kwa hiyo msingi wa maneno yao ni wa kweli, na zipo tafiti zilizoonyesha kwamba gramu 1 au zaidi kabla ya kulala huweza kumfupishia mtu muda wa kugaagaa kitandani. Lakini triptofani hugusa mengine pia. Madaktari walipoitia kwa dripu katika majaribio, prolaktini ilipanda, na prolaktini ndiyo homoni ya maziwa.

Kuna mambo mawili ambayo ningependa uyajue kabla ya kuamua. La kwanza, kama unatumia dawa yoyote ya sonona au ya wasiwasi, usivichanganye bila kumwambia daktari aliyekuandikia, kwa sababu serotonini ikizidi huweza kuleta homa, kutetemeka na mapigo ya moyo kwenda mbio. La pili ni la historia. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua ugonjwa wa maumivu makali ya misuli na kuongezeka kwa aina fulani ya chembe nyeupe za damu, na zaidi ya 30 walifariki. Wengi wao walikuwa wametumia triptofani iliyotoka kwenye kiwanda kimoja nchini Japani, na ilipochunguzwa ilikutwa na uchafu uliotokana na utengenezaji. Sisemi vidonge vyako ni vya namna hiyo. Nasema tu kwamba kitu kinachouzwa kama chakula cha kawaida kiliwahi kuua kwa sababu ya namna kilivyotengenezwa.

Na mama, kwa umri wako, usingizi uliokimbia pamoja na joto la ghafla usiku ni jambo la kumweleza daktari wa kina mama. Hapo kuna homoni nyingine kabisa zinazohusika, ambazo hakuna asidi amino inayozigusa.

Mlishe

Dada Mpima, naomba nichangie upande wa insulini, kwa kuwa ndiyo homoni ambayo asidi amino huisogeza kwa uhakika kuliko zote, na watu hawaizungumzii.

Lyusini, ile inayoongoza kwenye unga wa BCAA (mchanganyiko wa asidi amino tatu: lyusini, isolyusini na valini), huchochea kongosho moja kwa moja litoe insulini, hasa ikimezwa pamoja na wanga. Hilo hutokea kwa kila mtu mwenye afya na halina siri: mtu akila nyama au maharage, insulini hupanda. Kwa wakati huohuo asidi amino nyingi huamsha glukagoni, ambayo hulifanya ini liachie sukari, na ndiyo maana mtu aliyekula samaki peke yake haangukii kwenye upungufu wa sukari japokuwa insulini yake imepanda. Zote mbili huonekana kwenye damu kwa saa chache na kisha hutulia. Wenye kisukari wanaotumia dawa wasijaribu dozi kubwa bila kumwambia anayewatibu. Kwa mtu mwenye afya, hilo ni wimbi la mlo kama mawimbi mengine ya mlo.

Jambo linaloniuma ni fedha. Gramu 100 za karanga zina takriban gramu 3 za arginini, na protini kama gramu 25. Mahindi ni haba wa lisini lakini yana methionini, asidi amino nyingine, ya kutosha, maharage yana lisini tele na ni haba wa methionini, kwa hiyo sahani ya ugali na maharage ya mama ntilie pale Tandika imekamilika kwa namna ambayo kopo lenye asidi amino tatu haliwezi. Dagaa nao wapo. Nimewahi kumhudumia kijana aliyekuwa anaruka mlo wa mchana ili apate fedha ya kopo, na kupungua kwa chakula kwa muda mrefu ni mojawapo ya mambo yanayoshusha testosteroni kweli.

Mpima Damu

Nashukuru sana, Mlishe. Hilo la kuruka mlo nimekutana nalo pia.

Niongeze la tairosini, asidi amino nyingine inayouzwa, kwa ufupi, kwa sababu nimeulizwa faragha na watu wawili. Ni kweli kwamba homoni za tezi ya shingo hutengenezwa kwa tairosini na madini joto. Lakini mtu anayekula hakosi tairosini, na tezi hufuata amri ya TSH kutoka pituitari, haifuati wingi wa malighafi. Kuongeza tairosini kwa mtu mwenye afya hakupandishi homoni ya tezi, kama ambavyo kuongeza mchanga kwenye kiwanja hakuinui nyumba bila fundi. Kinachoweza kupungua ni madini joto, na hayo yamo kwenye chumvi iliyoongezwa madini hayo.

Tanuri

Mnazungumza kana kwamba hakuna aliyewahi kuona matokeo. Mimi nilitumia kopo la "asidi amino" kwa miezi miwili, nikaongezeka mwili hadi watu wa mtaani wakanishangaa, chunusi zikanijaa mgongoni, na kipimo changu cha testosteroni kilikuwa juu ya kiwango. Kama asidi amino hazifanyi kitu, mimi nilipandishwa na nini?

Mpima Damu

Mkuu Tanuri, ninakuamini, na nimefurahi umeandika, kwa sababu maelezo yako yamenipa wasiwasi. Mwaka 2004 maabara ya kupambana na dawa za michezoni ya Cologne, Ujerumani, ilichapisha uchunguzi wa virutubisho 634 vilivyonunuliwa katika nchi 13, vyote vikiwa havikuandikwa kuwa na homoni. Virutubisho 94, yaani asilimia 14.8, vilikutwa na homoni za jamii ya testosteroni ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Asidi amino haileti chunusi za mgongoni na testosteroni iliyovuka kiwango ndani ya miezi miwili. Homoni iliyofichwa huleta.

Kuna namna ya kutambua. Rudi ukapime testosteroni na LH kwa damu ileile. Kama korodani zako ndizo zinazotengeneza, LH itaonekana. Kama testosteroni imetoka nje, pituitari itakuwa imenyamaza na LH itasomeka chini sana, na korodani zilizonyamazishwa kwa muda mrefu hupunguza pia mbegu za uzazi. Kama bado unalitumia, tafadhali acha leo, umwone daktari, na kopo usilitupe. Mwaka 2019, TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ilipokuwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), masuala ya chakula yalihamia TBS, shirika la viwango, kwa hiyo unaweza kulipeleka huko pamoja na maelezo ya ulipolinunua.

Tanuri

Niliacha wiki tatu zilizopita. Sikujua habari za LH. Nitakwenda Jumatatu asubuhi.

Mpima Damu

Nenda kabla ya saa tatu, ukiwa hujala, na usifanye mazoezi mazito siku moja kabla. Ikiwa unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini nyingi, mwambie mpimaji, kwa kuwa biotini huvuruga baadhi ya mashine zetu na huweza kuonyesha homoni ikiwa juu au chini kuliko ilivyo.

Mpima Damu: MREJESHO

Wanajukwaa, samahani kwa ukimya wa wiki sita. Nilimwomba mdogo wangu aache kopo lote kwa muda huo, aendelee na mazoezi yake kama kawaida, kisha aje siku ya mapumziko saa moja na nusu asubuhi, akiwa amelala na hajala. Alikuja jana. Nilimfunga mpira mkononi mimi mwenyewe, nikajaza kichupa, nikaandika saa kwenye kona huku akinitazama, na mwenzangu ndiye aliyeendesha mashine ili mkono wangu usiingie kwenye majibu.

Imetoka 15.7.

Aliishika karatasi kwa muda mrefu, akaziweka zote tatu mezani kwa mpangilio wa saa badala ya tarehe. Kisha akaniuliza kama bandarini wanaweza kumbadilishia zamu.

Kijana wa Sinza

Dada, tofauti ya 16.1 na 15.7 si bado ni kushuka?

Mpima Damu

Ukimtoa mtu yuleyule damu asubuhi mbili mfululizo, majibu hupishana kwa zaidi ya hapo. Ndiyo sababu daktari wa homoni hamwambii mtu kwamba testosteroni yake iko chini mpaka awe na vipimo viwili vya asubuhi, vya siku tofauti. Ukija, nitakuandikia saa kwa herufi kubwa.